Baba Mdogo, Ange Hakulishwa Sumu

Bweni la Wanafunzi wa Kigeni,
Kuala Lumpur, Malaysia.
Jumatatu, 16 Juni 2014.

Mpendwa Baba Mdogo Venanti,

Shikamoo baba, na mwakeye, salamu ya kwetu. Mguu uliokusumbua tangu masika unaendeleaje? Maharage ya bondeni yameshavunwa? Sisi huku tu wazima, na ninaposema sisi, namhesabu na binti yako Ange. Jana alitembea mwenyewe hadi kanisani na kurudi.

Baba, ujumbe wako wa Alhamisi ulinikuta darasani: "Immakulata nimemrudisha kwao Nyakitonto. Karanga zake zimejulikana." Niliusoma mara nne. Mwalimu aliniuliza kama nimefiwa. Tangu hapo napiga simu yako, haipatikani. Ndiyo maana naandika. Hashimu, yule mwenye duka la vitenge pale Kasulu, anarudi kesho na ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Nakuomba uisome yote kabla ukoo haujakaa.

Mama mdogo Immakulata, aliyemlea Ange tangu marehemu mama yake alipotutoka, hana kosa lolote. Nakueleza mambo kama nilivyoyaandika kwenye daftari langu.

Jumamosi tarehe 7, saa saba mchana, nilimpeleka Ange kula mjini. Alikuwa na wiki tatu tu tangu afike, na alikuwa hajala nje ya chuo. Tuliingia ukumbi wa vyakula ulio juu ya maduka, karibu na stesheni ya treni. Vibanda ishirini na tatu vimezunguka kuta, kila kimoja na chakula chake na moto wake, na meza zote ziko katikati. Watu ni wengi kama mnadani. Unanunua, unabeba sinia lako, unakaa na usiyemjua, naye hata hakusalimii. Kuna mzee alimimina chai kutoka juu ya kichwa chake hadi kwenye kikombe kilicho kiunoni, na hakumwaga tone. Ange alipiga makofi.

Tulichukua wanachokiita nasi lemak. Ni wali wa nazi, yai, matango, karanga, na samaki wadogo wakavu wa kukaanga, ungeapa ni dagaa wa Kigoma. Pembeni kuna rojo jekundu la pilipili. Ange alionja, akaacha kijiko.

"Mawe, mama wee! Kaka Eva, hawa wametia sukari kwenye dagaa!"

"Kula taratibu, watu wanatutazama."

"Waache watazame. Mama akisikia habari hii atafunga na kuomba."

Tulicheka, baba. Hazikupita dakika kumi, akaniambia midomo inamwasha. Nikasema ni pilipili, nikampa maji. Kisha nikaona jicho la kushoto limefunga kwa uvimbe, na shingo imejaa vipele. Akawa anavuta pumzi kwa sauti, kama mtu anayenyonya mrija ulioziba. Akaanguka, na sinia likaanguka naye.

Sasa nakuandikia jambo ambalo nimeona haya kulitaja kwa wiki nzima. Sikumwinua. Nilimwacha sakafuni, nikamkimbilia mama aliyetuuzia. Kwetu mtu hapokei kikombe ambacho mwenyeji hajakionja, na huyu hakuonja chochote mbele yetu. Nilimshika mkono nikapiga kelele, "Umemlisha nini? Onja! Onja na wewe!" Mama wa watu, wa umri wa mama yangu, amevaa ushungi wake, alichota rojo lile akala vijiko vitatu huku machozi yakimtoka. Kisha akaniponyoka, akaenda kupiga magoti na kumkalisha Ange, akamwegemeza kifuani pake, akaagiza gari. Yeye, si mimi.

Hospitali walimchoma sindano ya paja, na baada ya robo saa alianza kupumua vizuri. Lakini katika ile robo saa, nikiwa nimesimama peke yangu kwenye korido ya hospitali, nilikutumia ujumbe: "Ange kavimba, nadhani kalishwa." Ukaniuliza amekula nini siku ile. Nikakujibu asubuhi alimalizia karanga alizofungiwa na mama yake. Ni kweli alizimaliza. Lakini na mimi nilizitafuna, baba. Tulikula kwenye mfuko mmoja.

Jioni yule muuzaji alikuja wodini na kipande cheusi kilichofungwa kwenye karatasi, akampa daktari. Ni kiungo cha rojo lao, uduvi uliosagwa na kuchachushwa. Uduvi ni vidudu vya baharini jamii ya kamba. Si samaki, na huko kwetu milimani havifiki. Jumanne walimpima Ange kwa matone juu ya ngozi. Tone la karanga halikufanya kitu. La dagaa halikufanya kitu. Penye tone la uduvi palivimba kama ameumwa na nyuki. Daktari amesema mwili wake unaukataa, alizaliwa hivyo, na asiuguse tena maisha yake yote. Nilipaswa kukuambia siku ile ile, haya ikanizuia. Cheti nimekiambatanisha, na chini yake nimetafsiri kila mstari.

Basi hiyo sumu iliyotajwa hapo nyumbani Kibondo ilitoka kwenye simu yangu. Na kama wapo wanaosema wameiona kwa ramli, waliona ujumbe wangu. Mwite mama mdogo, na mbele ya waliomsikia akifukuzwa, wasomee ukurasa huu wenye jina langu. Waniseme mimi.

Ange ameomba niandike maneno yake bila kuyageuza: "Baba, Desemba nikishuka kwenye ndege nitapanda basi la kuja nyumbani. Kama mama hayupo Kibondo, nitashukia Nyakitonto nikae naye huko."

Nimemwambia ni maneno makali kwa baba. Amesema niandike hivyo hivyo.

Nisalimie bibi, Bazilio na watoto wake, na majirani wote. Mama mdogo mpe shikamoo yangu, na Mungu ajalie umpe ukiwa umeketi naye nyumbani. Awape afya na mavuno.

Mimi mwanao nikupendaye, niliyekosa,

Evaristi