Haki Yangu ya Kunyamaza

Jumapili, 2 Machi

Nimetoka seli mchana. Bado nanuka. Resian hajaniuliza kitu, amenipashia maji nioge, basi. Afadhali mke wangu angenigombeza.

Niandike kabla sijaanza kujidanganya. Jana tulipeleka mahari kwa baba yake, kule Kisaju. Ng'ombe wa mwisho. Tangu nimpe yule wa kwanza, mzee Lemein ananiita Pakiteng', nami namwita hivyo hivyo — watu waliopeana ng'ombe. Wazee wakatoa enaisho, pombe yao ya asali. Mzee akajaza mdomo akanipulizia kifuani. Baraka. Hapo ningekomea. Lakini akanipa kikombe kwa mkono wake, na kingine, na kingine. Utamkataliaje baba mkwe mbele ya ukoo mzima?

Tukitoka Resian akaniambia polepole, nipe funguo. Yeye ana leseni, na alikuwa amekunywa chai tu. Nikamuuliza, unataka niendeshwe na bibi, wazee wakiona? Nikawasha gari. Mtoto wetu nyuma, amelala. Huo ndio ujinga wenyewe.

Polisi walikuwa barabarani kabla ya kufika Kitengela. Nikapuliza kile kidude cha kupima pombe. Afande akaangalia namba, akaniambia shuka. Resian ndiye alipeleka gari nyumbani. Mwishowe aliendesha yeye.

Jumatatu, 3 Machi

Korti, Kajiado. Kwa foleni kila mtu ni wakili. Njuguna, jamaa tuliyekuwa naye seli moja, ananiambia, Simel, kubali tu, ulipe faini, uende nyumbani. Karibu nikubali. Lakini mimi ni dereva wa basi la shule. Nikipatikana na hatia leseni yaweza kwenda, na Madam Gathoni mwenye shule ameshasema anangoja korti iseme. Hakimu akauliza nataka kusomewa mashtaka kwa lugha gani. Nikasema Kiswahili. Nikakana. Sauti ilitoka ndogo sana.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata wakili. Anaitwa Nanjala, msichana mdogo, anaongea haraka. Amenieleza: kuthibitisha ni kazi ya serikali, si yangu. Ataitisha rekodi za kidude, kama kilikaguliwa, kama afande alibadilisha mrija wa kupulizia. Na hakuna mtu anaweza kunilazimisha nijishuhudie vibaya. Naweza kunyamaza kesi nzima, na ni haki yangu.

Nilitoka pale nikitembea kama mtu mwingine. Sijui nilikuwa nafurahia nini. Kunywa nilikunywa.

Jumamosi, 26 Aprili

Mzee amekuja kutoka Kisaju bila kuitwa. Amekaa kwa kiti changu, amekunywa chai, akasema ameshafikiria. Ataenda kortini aseme mimi sikuonja kitu. Kwamba alinipulizia baraka tu, kifuani, halafu usoni, ikaingia mdomoni, ndiyo kidude kikadanganyika.

Nikamwambia, Pakiteng', si utaapishwa? Akasema kile kikombe kilitoka mkononi mwake, kwa hivyo ni yeye wa kukiondoa.

Huyu ni mzee wa kanisa. Sijawahi kumsikia akisema uongo, hata wa bei ya mbuzi. Resian aliinuka akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Mimi? Nilimwongezea chai.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimempeleka kwa Nanjala. Akamsikiliza, akaandika. Kisha akanigeukia. Akasema yeye hamweki mtu kizimbani akijua atadanganya, kwa hivyo nimwambie: ndivyo ilivyokuwa? Nikaangalia viatu vyangu. Akangoja. Nikaendelea kuangalia viatu. Akasema haya, akafunga faili.

Haki ya kunyamaza. Nimeitumia hadi kwa wakili wangu mwenyewe. Najichukia.

Jumatano, 7 Mei

Kesho. Resian amesema jambo moja tu leo. Kwamba mama yake amepiga simu, mzee anafanya mazoezi ya yale maneno huko nyumbani, kwa sauti, na kila mara anakosea. Kisha akaniuliza kama shati langu limekauka.

Alhamisi, 8 Mei

Naandika kwa simu, kwenye benchi nje ya korti.

Asubuhi ilikuwa zamu ya afande. Nanjala alimbana vizuri. Mambo ya mrija hakumbuki, rekodi ya ukaguzi hakuja nayo. Lakini hakimu amesema niko na kesi ya kujibu. Akanieleza taratibu, kama mtu anayetaka nielewe kweli: naweza kuapa niongee, naweza kuongea bila kuapa, naweza kunyamaza. Nikasema nitanyamaza. Sasa ni mapumziko. Tukirudi ni shahidi wangu.

Mzee ameketi hapa kando yangu na koti lake la kanisa. Midomo inacheza, bado anakariri. Sasa hivi ameniuliza, kwani nilisema usoni kwanza au kifuani? Ananiuliza mimi. Nikamwambia kifuani.

Mungu wangu, nimemsaidia.

Karani ametoka, ameita jina lake. Mzee amenipa fimbo yake nimshikie, anasema si vizuri mtu kuapa akiwa na fimbo. Anakosa kifungo cha koti mara mbili, na mkono huo nimeuona ukishika fahali. Resian hamwangalii baba yake, ananiangalia mimi.

Nimemrudishia mzee fimbo, nikamwambia aketi. Hajaelewa. Ananiuliza, Pakiteng', kuna nini, si wananingoja? Nanjala amesimama mlangoni na faili, na hamwulizi yeye kitu. Ananingoja mimi.