Mto Uliopanda Mlimani

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla pumzi hazijaniishia. Nimeficha kwamba kitindamimba wangu hakushindwa jiografia. Nilimfelisha mimi, niliyekuwa baba yake na pia mwalimu wake. Wanafunzi waliniita Atlasi, na mwaka ule mtaala mpya ulitutaka tuache kukaririsha, mwanafunzi aonyeshe anachoweza kwa mikono yake, nami niliyezoea kuandika ubaoni wao wanakili nikanuna, lakini nikawapa ramani wafinyange umbo la nchi kwa udongo wakifuata kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, na pale nilipowafundisha kuwa ni mgongo wa mlima binti yangu akafinyanga bonde, nikamwambia amekosea, naye akaweka kidole kwenye kistari cha bluu ambacho sikukiona, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, sasa huu mto umepanda mlimani kufanya nini?" Darasa likaangua kicheko, mmoja akapaza sauti, "Atlasi kapotea njia!" nami nikaubonda ule udongo kwa kiganja, nikampa sifuri, nikasema, "Wewe na ramani ni mbingu na ardhi."

Alitaka kuwa mpima ardhi. Aliacha somo, leo anauza vitambaa, na ndiye anayeniogesha. Juzi mwanawe alileta zoezi la kontua, mama yake akacheka: "Muulize babu yako, mimi hayo yalinishinda." Kosa langu nililigundua baada ya kustaafu, nikaona aibu kusema. Nimwambie, au nife nalo? Nikimwambia, atanigusa tena?

*Mshauri anajibu:*

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa maradhi. Heshima nimeshakupa, sasa nikukaripie. Unahofia kukosa wa kukuogesha, na mwenzako alikosa kazi aliyoitamani lakini maji anakupashia kila siku! Waliokucheka wameshasahau. Aliyebaki akijiona mjinga ni mmoja tu, naye yuko chumba cha pili.

Umri wako hauniruhusu kukuambia "ngoja". Mwite leo. Mwambie huku mwanawe akisikia, maana ulimwaibisha mbele ya watu. Usiseme "kama nilikukosea", ulimkosea. Usidai msamaha kama mtu anayedai chenji. Kisha mpe zoezi la mtoto alifundishe yeye, wewe ukae usikilize. Akifoka, stahimili. Akikuuliza jambo, jibu hilohilo aliloliuliza, usizunguke.

*Mzee ametuandikia tena:*

Nimemwambia, mjukuu akiwa hapo. Alikuwa anakunja shuka langu, akaendelea kulikunja mpaka likawa dogo kama leso. Halafu akauliza, "Baba, uligundua lini?"

Wewe mshauri nilikuandikia kwamba ni baada ya kustaafu. Hata binti yangu nilitaka kumjibu hivyo, nikakumbuka uliniambia nisizunguke.

"Sikugundua baadaye, mwanangu," nikamwambia. "Nilijua palepale. Sifuri nilikupa nikijua umepata."