Visu Vyote vya Mama

Usijibu kwanza. Soma mpaka mwisho.

Leo tulikula mchana kwa mama. Unajua kwetu anayekata nyama ni mimi, tangu baba afariki. Nafungua droo ya jikoni, hakuna kisu. Hata kile butu cha mkate hakipo!

Namuuliza mama, ananiambia, "Vimepelekwa kunolewa." VYOTE? Jumapili?

Basi kuku mzima tukamla kwa kuvutana. Shemeji kashika paja, dada kashika kifua, utadhani wanagombania shati la mtumba. Na hakuna anayecheka. Hakuna anayeniangalia usoni.

Bibi ndiye aliyepasua jipu: "Visu si mmevifungia kwenye gari la mjomba, mkasema huyu atajidhuru?"

Nikaganda na tonge mkononi. Atajidhuru! Mimi!

Mimi niliyeenda kwa mshauri kwa sababu silali, kazi imenichosha, nikataka mtu wa kuongea naye. Basi!

Mama akaangua kilio. Ikawa mimi ndiye nambembeleza, "Mama, mimi mzima," huku yeye ananisukumia minofu kama mtu aliyetoka wodini.

Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema, "Usimkasirikie, mwanangu. Alinipigia kwa upendo."

Sasa nisikilize vizuri. Habari ya mshauri dada hakuijua. Bibi hakuijua. Nilimwambia mtu mmoja tu, akaniapia hatafungua mdomo.

Tiki za bluu naziona.

Haya, sasa jibu.