Mbuzi wa Mwalimu Greta

Ijumaa, Kikatiti

Nimedanganya mbele ya wazazi wote.

Mwalimu Greta amemaliza mwaka wake wa kufundisha fizikia shuleni kwetu, na Jumapili anarudi kwao Ujerumani. Leo wazazi walimletea mbuzi jike. Akaninong'oneza kwa Kiingereza niwaambie hawezi kumpokea, kwani atamsafirishaje? Mimi ni karani wa shule tu. Nikamtazama Mzee Elifasi, mmoja wa wazazi, ameshika kamba ya mbuzi kwa mikono miwili, na nikashindwa. Kumrudishia mtu zawadi yake hadharani...

Nikasema, "Mwalimu anashukuru sana. Anaomba mumtunzie."

Mzee akacheka. "Kumbe anazijua taratibu zetu! Basi mzao wa kwanza ni wangu niliyemtunza, wa pili ni wake. Aje amchukue mwenyewe."

Akina mama wakapiga vigelegele.

Baadaye nilimfuata Mwalimu ofisini nikakiri yote, nikisubiri kukaripiwa. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mbuzi hubeba mimba miezi mingapi?"

"Mitano, Mwalimu."

Akavuta kalenda iliyo mezani kwangu, akaanza kufunua kurasa.