Baba Neema Yuko Ukutani

Bredäng, mtaa wetu huku ughaibuni, Jumamosi ya Novemba. Tangu asubuhi inanyesha mvua iliyochanganyika na theluji, na sasa ni saa tisa tu mchana lakini taa za barabarani zimeshawaka. Nimekaa jikoni, koti bado mwilini. Sijui hata kama nasikia baridi.

Jana nilimwona mume wangu ukutani.

Niandike taratibu, maana kichwa hakijatulia. Binti yetu Neema anamaliza masomo ya uchoraji, na jana darasa lao lilifungua maonyesho. Nilivaa kitenge changu cha kijani, nikabeba maua. Niliingia nikimtafuta Neema, macho yakakutana na baba yake. Picha kubwa, ndefu kuliko mimi. Baba Neema yuko kitandani hospitalini, vifungo vya shati vimefunguliwa, mifupa ya kifua inahesabika, mpira wa hewa uko puani. Watu wamesimama mbele yake na glasi mikononi.

Maua sikumbuki niliyaacha wapi.

Kwa msiomjua, Baba Neema alikuwa mtu wa kupiga pasi hata soksi. Alipokonda aliniomba jambo moja tu, nisimruhusu mtu yeyote amwone vile. Nikaahidi. Wiki zake za mwisho mimi ndiye niliyekuwa mlango. Niliwarudisha wanakwaya, nikawarudisha majirani. Nilimrudisha hata Mzee Kato, Mganda wa Hallonbergen, rafiki yake tangu tulipofika nchi hii, aliyevuka mji mzima na chupa ya uji wa ulezi.

"Shemeji, siingii," aliniambia pale koridoni. "Fungua kidogo tu nimpungie mkono."

Nikakataa. Aliiweka chupa kwenye kiti, akavaa kofia yake, akaondoka. Kwenye mazishi alinisalimia kama mtu anavyomsalimia karani wa ofisi. Chupa yake bado iko kabatini kwangu.

Jana nilimvuta Neema pembeni nikamwuliza nani alimpa ruhusa. Akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake akiwa na hofu. Alisema, "Baba mwenyewe. Ulipokuwa kazini."

Zamu yangu ilikuwa ya asubuhi, kwenye nyumba ya wazee kule Vällingby. Mimi nawaogesha baba za watu, kumbe baba yake anafungua vifungo ili achorwe. Nikifika alasiri, anavuta shuka hadi kidevuni. Hakuna hata mmoja wao aliyeniambia.

Nikifikiria, yote yalianza na kile kitabu. Ni kitabu kinene cha Kiswidi kuhusu wachoraji wa Marekani, Baba Neema alikinunua kwenye duka la mitumba Neema akiwa mdogo. Kila Jumapili baada ya kanisa walikifungua kwenye meza hii, na mimi nikisukuma chapati nilisikiliza. Wale wachoraji nawajua kwa masikio. Kulikuwa na bibi wa shambani aliyeshika brashi uzeeni kwa sababu vidole vilimuuma mno kushika sindano ya kutarizi. Baba Neema alimpenda huyo. "Unaona, mama, hata wewe bado hujachelewa." Kulikuwa na mtoto mweusi ambaye mama yake aliipamba nyumba yao ya kimaskini kwa vizulia vya rangi, na rangi zile zikamfuata kwenye picha zake maisha yote. Kulikuwa na yule bwana wa watu wapweke kwenye madirisha yenye taa. Mkewe naye alikuwa mchoraji, lakini akaishia kuwa yule mwanamke anayekaa ndani ya picha za mumewe. Nilisema namhurumia. Baba Neema akacheka.

"Kazi ya kukaa kimya, hata mimi ningeiweza."

Kumbe.

Neema yeye alishikwa na mwingine. Mama mmoja aliyewachora watu wa mtaa wake kama walivyo, wajawazito, wagonjwa, wazee, bila kuwapamba. Alimchora mama yake mzazi katika ugonjwa wake wa mwisho. Uzeeni alijichora mwenyewe, uchi, kwenye kiti, brashi mkononi. Miaka mingi watu hawakumjali, na leo Neema anasema nusu ya darasa lao wanajifunza kwake. Mimi ukurasa ule niliufunika kwa mkono wenye unga, tukacheka.

Jana sikucheka.

Lakini kinachoniuma si mifupa. Kifua kile nilikiosha mwenyewe. Kinachoniuma ni macho. Pale ukutani anatazama mbele moja kwa moja, ametulia. Kwangu mimi, wiki zile zote alitazama dirishani. Nilidhani ni dawa.

"Kwako alikuwa anajikaza, Mama," Neema alisema. "Kwangu alipumzika."

Nani alimwomba ajikaze? Nilifunga mlango kwa ajili yako, Baba Neema, nikapoteza watu, na wewe ukafungua dirisha nyuma yangu. Hasira yangu kwa Neema najua itaisha. Kwako sijui.

Picha hiyo ndiyo ya mtihani wake. Walimu wanakuja Jumatatu kutoa alama. Aliniambia kwamba nikisema neno moja tu, ataishusha na kuweka nyingine. Tangu jana anasubiri jibu langu, na simu iko hapa mezani.

Nimemwandikia sasa hivi: Iache.

Sikuandika kwamba nimesamehe.

Kisha nimetoa chupa ya Mzee Kato kabatini. Kwetu huwezi kumrudishia mtu chombo kikiwa kitupu, na unga wa ulezi ninao. Kesho nitampelekea uji Hallonbergen, halafu nimwombe twende wote kwenye maonyesho. Akitaka kumpungia mkono rafiki yake, ampungie. Mimi nitasimama nyuma yake kidogo, nione kama macho yale yatanifikia.