Mtaa Nilioupata Msibani

Kapalala, Ndola
Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Nakupigia makofi ya heshima kutoka huku mbali, na uhesabu kuwa nimepiga magoti, ingawa kwa kweli nimeketi mezani maana mtu aliyepiga magoti haandiki barua ndefu. U hali gani? Kifua kimetulia na baridi hii? Mama Hachoonde, mgongo wake vipi? Na ng'ombe, ambao najua ungependa niwaulizie kabla ya watu, wamepata malisho? Sisi huku tu wazima. Mainza amerefuka mpaka sketi ya shule imepanda juu ya magoti, na Luyando ameng'oka meno ya mbele, kwa hiyo kila anachosema kinatoka na upepo.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe mwenyewe husema maneno ya simu hayashikiki, mtu hawezi kuyarudia akayapima. Haya ya leo nataka uyapime.

Uliponiruhusu nihamie huku kufuata kazi ya maabara hospitalini, uliweka sharti mbele ya ukoo: nitafute mahali salama pa kuishi, na kama hutaridhika kufikia likizo ya Agosti, watoto warudi Monze wakae kwako. Sikubisha. Wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki, na nilipobaki mjane ndiye uliyesimama mlangoni pangu ndugu wa marehemu walipokuja kubeba mpaka vijiko. Hofu yako ya mjini naijua ilikotoka. Yaliyokupata Lusaka ulipokwenda kuuza maksai, ukarudi umevaa suruali ya kuazima, ukoo mzima unayajua na sitayaandika hapa. Lakini sharti lako lilinielemea. Bila wale watoto wawili sijui ningeamka kwenda kazini kwa ajili ya nani.

Nilianza na ile nyumba uliyoitaka wewe, yenye ukuta mrefu, nyaya za umeme juu, geti la chuma na mlinzi. Ulipoona picha yake ulisema hilo ndilo zizi la kweli. Nami, sikufichi, nilitembea kwa maringo wiki za kwanza. Kisha siku moja ya mvua walimbadilisha mlinzi tuliyemzoea. Luyando akatoka shule, akagonga geti, yule mpya akamwambia hamjui, aende kwao. Mtoto akasema kwao ni humo humo. Jirani wa kulia akapita na gari lake, geti likafunguliwa, likafungwa. Wa kushoto vilevile. Hakuna aliyeshusha kioo, wala siwaiti wabaya. Hawakujua tu ni mtoto wa nani. Nilimkuta ameketi kando ya mtaro, amejifunika mkoba kichwani, midomo imebadilika rangi. Nilimbeba mpaka ndani, nikamkausha na kumlaza.

Haikupita muda nikasikia kwa mlinzi huyo huyo kwamba baba wa nyumba ya pili amekufa na amekwisha kuzikwa. Mjomba, nilikuwa nikipita mlangoni pake kila siku. Mtu afe hatua chache kutoka kitandani kwangu, nisijue, nisipeleke hata kuni! Aibu niliyoisikia siku hiyo ndiyo iliyonipa akili. Nikajiambia, kumbe mtaa haujulikani kwa kuta zake. Nitaujua siku wanapozika.

Basi kila siku yangu ya mapumziko nikawa natafuta msiba. Usinicheke. Unajua mwenyewe kwamba nyumba ya msiba haina hodi. Mwanamke akijifunga kitenge na kuingia akilia, atasogezewa nafasi sakafuni, na akikaa kimya atasikia mambo yote ya mtaa kabla uji haujaiva. Mtaa wa kwanza, ambao sitautaja, walikodi hema na viti vyenye vitambaa vyeupe. Majirani walikuja na miwani myeusi, wakatazama saa zao, na jua lilipoanza kushuka wakabaki ndugu peke yao. Mtaa wa pili ulikuwa na watu wenye huruma kweli kweli, walilia mpaka nikalia nisiyemjua marehemu. Niliwauliza wanawake kuhusu wezi. Wakacheka, wakasema ukiibiwa kwao usihangaike, nenda tu nyumba fulani ukanunue kitu chako. Nilipotoka nje viatu vyangu havikuwepo, na nyumba hiyo fulani ilikuwa imefungwa. Nilirudi nyumbani peku.

Wa tatu ndio huu wa Kapalala. Kwingine kote niliingia na kutoka bila mtu kuniuliza lolote. Hapa kabla sijakaa vizuri, mwanamke mmoja akanisogelea, akanishukuru kwa kuja, kisha akauliza mimi ni wa nani. Nikajaribu kukwepa, akauliza tena kwa upole ule ule. Ikabidi niseme kweli: mimi ni mgeni, natafuta mahali pa kukaa na watoto wangu, nimekuja kuona watu wa hapa wanaishije. Wanawake wote wakanigeukia. Nikajua nafukuzwa. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikasema ni kusini, Monze, Mtonga.

Aliyefiwa alikuwa Mama Inonge, Mlozi wa Mongu, mumewe alikuwa dereva wa treni. Tangu nifike alikuwa amejiinamia ukutani. Aliposikia Mtonga akainua kichwa.

"Mtonga? Sasa ulikuwa wapi muda wote huo? Mume wangu amelala humu, hana hata mtu wa kumtukana."

Mjomba, Mtonga na Mlozi ni watani, na unaijua kazi ya mtani msibani: kutania na kutukana mpaka wafiwa wacheke. Walikuwa Wabemba na Walamba watupu pale, na huku Watonga tu wachache. Walikuwa wamekwisha kuuliza mitaa ya jirani wakakosa. Mzee wa Kilozi alikuwa anakwenda kuzikwa kimya kimya kama mtu asiye na watani. Sikuwa na ujasiri, lakini nilikuwa na mdomo wa kwetu. Jeneza lilipotolewa nikalala kifudifudi mbele ya gari, nikasema haliondoki mpaka Walozi warudishe ng'ombe wa babu zangu walioporwa zamani, kwa hesabu, na ndama waliozaliwa tangu hapo. Nikasema marehemu ninamjua, alichagua kuendesha treni kwa sababu ndiyo ng'ombe pekee ambaye Mlozi hawezi kumla. Wakabembeleza, wakatoa sarafu, nikazitupa, nikadai fahali. Mama Inonge alicheka huku machozi yanamtiririka, akaniambia niamke, nimwache mzee wake aende. Nikaamka. Na hata sasa ninapoandika najisifu kwa siku ile, kwa sababu yule mzee alizikwa kama mtu mwenye watu.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na vyumba viwili. Alinionyesha kabla watu wa maziko hawajatawanyika. Tunaishi humo tangu Machi, na hapa ndipo ninapokuomba radhi kwa kutokukuambia mapema. Niliogopa ungesema ua wa michongoma si ukuta. Ni kweli, si ukuta. Maji yanakuja kwa zamu, vumbi linaingia mpaka kwenye sukari, na baa ya kona inapiga muziki ambao Luyando ameushika wote, pamoja na maneno asiyopaswa kuyajua. Lakini nikiwa zamu, Mama Inonge anajua watoto wameingia saa ngapi na wamekula nini. Baba Kasonde, fundi wa kuchomelea wa nyumba ya mbele, anamjua rafiki wa Mainza kila mmoja, na wale asiowapenda nao wanajua kuwa hawapendi.

Sasa nisikilize vizuri. Jumamosi iliyopita nilikuwa kazini mchana. Mwanamume alifika uani na begi, amevaa vizuri, akasema ametumwa na mjomba wa familia kuwachukua watoto waende Monze, na kwamba mama yao anajua. Mama Inonge alikuwa nje anachambua dagaa. Aliposikia lafudhi ya kwetu akafurahi, akamkaribisha kama inavyompasa kumkaribisha Mtonga.

"Ee, wachunga ng'ombe. Mmebakiza hata mmoja huko, au tuliwala wote?"

Yule mtu akainamisha kichwa, akajibu kwa adabu, "Ndiyo mama, asante."

Mama Inonge akaweka ungo chini. Akamtupia tusi la pili, kali zaidi, ambalo hata wewe ungeruka kitini kulijibu. Mgeni akaomba samahani. Basi mambo yake yakaharibika hapo. Mama Inonge anasema katika maisha yake hajawahi kuona Mtonga anatukanwa na Mlozi akashukuru, na kwamba mtu wa namna hiyo ama si Mtonga, ama ana jambo moyoni linalomziba mdomo. Akamwita Baba Kasonde. Baba Kasonde akaja na nyundo mkononi, si kwa nia mbaya, ndivyo alivyokuwa kazini, akaleta na kigoda. Mgeni akaombwa aketi.

Watoto walipotoka ndani wakamrukia shingoni, wakamwita kwa jina, wakaapa kuwa wanamjua. Haikumsaidia.

"Kujulikana na mtoto si ruhusa," Mama Inonge akamwambia. "Mama yao hajatuambia kitu. Wewe kaa, kula, atakuja mtasema."

Wakampa ugali wa nshima na samaki wa miiba, wakamzunguka wanapiga soga kama watu walio na mgeni wao wa heshima, na kila aliponyanyuka mtu mmoja alinyanyuka naye. Simu yangu huwa naifungia kabatini nikiwa maabara, kwa hiyo mke wa Baba Kasonde alikuja mwenyewe hospitali kuniita. Nilikimbia njia nzima. Nilifika nikakuta watoto wamekaa upande wa pili wa uwanja, kila mmoja ameshikwa mkono na mama wa mtaa, na kwenye kigoda, jasho linamtoka katika baridi hii, ameketi mwanao Hachoonde.

Usimgombeze. Alijaribu kuniambia alikuwa anapita tu, lakini unamjua, uongo humpa kigugumizi. Alinieleza pembeni kwamba ulimwambia awachukue nikiwa kazini, kusiwe na machozi, na kwamba Agosti uliiona iko mbali. Mjomba, nilikasirika sana. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo mpwa hamwandikii mjomba wake. Nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba, nikalia, na nilipokuwa nalia nikaanza kucheka, kwa sababu nilielewa ulichonifanyia.

Ulimtuma mtu wa damu yetu. Ana pua yako, anajua jina la marehemu mama yangu, watoto wamekalia mapaja yake tangu wanatambaa. Mwizi wa watoto hawezi kuja hapa na nyenzo bora kuliko hizo. Na bado hakuweza kumpita mjane mwenye ungo wa dagaa. Pale kwenye ukuta na nyaya za umeme angemwambia tu mlinzi mpya kwamba yeye ni mjomba, na geti lingefunguliwa.

Kwa hiyo, Mjomba, kwa heshima zote nilizonazo kwako, na unajua ni nyingi, watoto hawahamii Monze. Watakuja kukusalimu likizo, watakunywa maziwa yako ya mgando, na watarudi nami. Mahali hapa nilipatafuta mimi mwenyewe, peku siku nyingine, na najivunia kuliko kitu chochote nilichowahi kukipata mjini. Ukitaka kupapima tena, njoo wewe mwenyewe badala ya kumtuma kijana wa watu. Mama Inonge anasema anakusubiri kwa hamu, na kwamba ukimjibu kwa adabu utakalia kigoda.

Hachoonde ndiye anayekuletea barua hii. Amekaa nasi siku chache na ameshiba. Mwiba ulimkwama kooni lakini umetoka. Nimemfungia kitenge cha mama yake na dawa ya kifua chako, unywe asubuhi, usimpe jirani. Nisalimie Mama Hachoonde, nisalimie ukoo wote, na wanaoniulizia na wasioniulizia. Mainza na Luyando wanakupigia makofi. Wako kwao.

Mpwa wako akupendaye,
Choolwe