Ufa wa Nguzo Ubaoni kwa Batulo

Jumamosi, 9 Agosti 1997

Kikao cha wapiga picha leo, barazani kwa Batulo. Hata Javan alikuja, na ile kamera yake anayoibeba kama mtoto mchanga.

Batulo anauza vitambaa, lakini ukuta wa mbele wa duka ameupigilia ubao, na ubao huo ndio chama chetu. Yeyote hapa Huruma mwenye picha aliyoipiga mwenyewe anaruhusiwa kuibandika. Hakuna anayebandua ya mwenzake. Ukichukizwa na picha, unaigeuza itazame ukuta, na mgongoni unaandika: Nimeiona. Halafu sababu yako, halafu jina lako kamili. Hakuna kujificha. Inakaa hivyo hadi Jumamosi, mnazungumza mbele ya watu.

Leo ilikuwa zamu ya Opicho. Alipiga picha ya mlevi aliyelala mtaroni. Picha kali kweli, mwanga umekaa sawasawa. Wakiuru wa kibanda cha mboga alikuwa ameigeuza. "Nimeiona. Huyu ni baba yangu." Opicho akaanza mambo ya sanaa na uhuru, maneno marefu. Batulo akamwacha amalize yote — hamkatizi mtu, mama huyu! Kisha akamwomba asome sababu ya Wakiuru kwa sauti. Opicho akasoma. Akaibandua mwenyewe, akampa Wakiuru mkononi. Mimi ningemfokea tangu mwanzo, na picha ingekuwa bado ipo.

Nimebandika yangu: ufa wa nguzo ya jengo letu, pale mlangoni kwa Mama Nalianya, chini. Mimi niko juu yake kabisa, na watoto na cherehani. Kila nikikanyaga pedeli naufikiria ufa ule. Msimamizi wa jengo tumemwambia hadi tumechoka. Sasa acha watu waone.

Jumatatu, 11 Agosti

Imegeuzwa! Na aliyeigeuza ni Batulo mwenyewe!

"Nimeiona. Siwezi kujua ufa huu ni mkubwa kiasi gani. Batulo Guyo."

Nimepita dukani kwake bila salamu. Uzi nimenunua kwingine, tena mbaya, unakatika katika.

Jumanne, 12 Agosti

Hasira imepoa. Yuko sawa, na hilo ndilo linaloniudhi. Nilisogeza kamera karibu mno. Hakuna mlango, hakuna mkono, hakuna cha kulinganisha nacho. Ungedhani ni mstari wa penseli. Mtu angesema nimetia chumvi, na ningemjibu nini?

Nimeshuka kwa Mama Nalianya na kamera. Akachukua kibiriti kizima, cha kupikia, akakisukuma ufani. Kikaingia ubavu wote. Hakutumia nguvu hata kidogo. Tulikuwa tunacheka, tukaacha. Nikapiga na mlango wake uonekane, na mwanawe Nalianya kasimama kando akila ndizi. Halafu nikarudi juu, nikakaa. Sikushona.

Jumamosi, 16 Agosti

Picha zimerudi kutoka kuoshwa mjini. Ile ya kibiriti — wee! Nimeibandika kabla ya kikao. Kila anayepita anasimama.

Javan akaomba kusema. Kwamba chama hiki ni cha kujiburudisha, cha harusi na maua na watoto wamevaa vizuri sikukuu, na mambo ya nguzo yatatuletea balaa. Nikafungua mdomo. Batulo akaniashiria kwa kidole nisubiri. Basi Javan akaendelea, na hapo ndipo nikasikia nisilolijua: Mzee Andati, mwenye jengo letu, ndiye mwenye duka hili pia. Batulo ni mpangaji wake kama mimi!

Nilihisi vibaya sana. Nikaenda ubaoni kuitoa.

"Lorine, picha ni yako, ukitaka itoe," Batulo akasema. "Lakini usiitoe kwa ajili ya duka. Duka niachie mimi."

Nimeiacha. Na Javan hakuchekwa wala kufokewa, aliambiwa tu kwamba akitaka aigeuze, aandike jina. Hakuigeuza. Ningependa kujua Batulo alifundishwa wapi kukaa hivyo, mgongo wima, wakati watu wanazungumza kuhusu mkate wake.

Jumatano, 20 Agosti

Amekuja. Mzee Andati mwenyewe, suti ya kijivu, na msimamizi nyuma yake. Nilikuwa dukani nikinunua uzi — ndiyo, nimerudi. Akaamuru ile takataka itolewe sasa hivi. Akamkumbusha Batulo duka ni la nani.

Batulo alimkaribisha kiti kwanza. Akakataa kukaa.

"Mzee, kutoa hatumtolei mtu," akamwambia. "Lakini kuigeuza ni haki yako kama ya mtu yeyote. Andika umeiona, sababu yako, na jina."

Mzee akacheka. Akamwomba msimamizi kalamu, akaigeuza picha yangu, akaandika kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyezoea kusomwa: "Nimeiona. Ni plasta tu. Hakuna hatari. J. Andati, 20/8/97." Akaondoka ameridhika. Batulo akamshukuru, tena kwa moyo, naapa.

Nikamwambia basi ametushinda. Batulo akarudi kupima kitambaa cha mteja. Alichoniambia ni nikasome tena mgongo wa picha yangu, polepole.

Alhamisi, 21 Agosti

Mtaa mzima umekuja kusoma. Picha yenyewe ilipokuwa wazi hawakuwa wengi hivi! Mama Nalianya alisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Akafika kwenye jina, akarudi mwanzo.

"Kwa hivyo anajua," akasema.

Opicho akataka tuigeuze upande wa mbele. "Dada, geuza hiyo kitu bana, watu wanataka kuicheki." Batulo akakataa. Kwamba Mzee ameigeuza kwa utaratibu, na hadi Jumamosi ni haki yake, hata kama ni yeye. Nilikasirika tena kidogo. Yuko upande wa nani? Halafu nikakumbuka ile yangu ya kwanza. Yuko upande ule ule aliokuwa siku hiyo. Ningekuwa mimi mwenye ubao huu, ungekuwa umeshachanwachanwa na kila mwenye hasira, mimi nikiwa wa kwanza.

Ijumaa, 22 Agosti

Fundi ameletwa asubuhi. Amepiga saruji juu ya ufa, akalainisha, akaondoka. Nguzo inang'aa kama mpya. Nimemwuliza kama ametazama ndani. Akaniambia ametumwa kupaka, hakutumwa kutazama.

Na Batulo amepewa notisi. Aondoke dukani mwisho wa mwezi. Amenieleza huku akikunja leso, sauti haijabadilika. Nililia mimi. Nampenda mama huyu, na sijawahi kumwambia.

Jumamosi, 23 Agosti

Saruji imepasuka. Mpya, ya jana! Pale pale, kutoka juu hadi chini. Mama Nalianya hakusubiri kuambiwa. Ametoa magodoro, sufuria, watoto. Wa juu wameanza kushuka pia. Wangu nimewapeleka kwa dada yangu Kayole, cherehani iko barazani kwa Batulo. Wengine wamekataa, wanasema wataenda wapi.

Kikao kimejaa hadi barabarani. Mzee Andati amekuja! Batulo alikuwa amemwekea kiti mbele, akampa nafasi kabla ya mtu yeyote. Akasema yote. Plasta, wivu, wanawake wenye kamera. Watu wakaanza kuguna, Batulo akawatuliza. Alipomaliza, Batulo akamwuliza kama angependa picha yake nayo iwe ubaoni, kando ya hii, ukubwa ule ule.

"Ingia kwa Mama Nalianya, Mzee, uegemee nguzo. Lorine atakupiga. Sisi tutabaki nje."

Akasema sawa. Mbele ya watu wote, angesema nini? Tumevuka barabara sote.

Sasa amesimama mlangoni na mimi nimeketi juu ya godoro la Mama Nalianya, nje, kamera gotini, naandika nikimsubiri. Kwanza alisema giza. Nikamwonyesha flashi. Halafu akamtuma msimamizi aingie badala yake. Msimamizi amefanya kama hakusikia. Batulo hamharakishi. Amewaambia watu wanyamaze, Mzee apewe muda wake.

Sasa anasema viatu vyake vitachafuka kwa saruji.

Mama Nalianya amechakura kwenye vyombo vyake, akatoa patapata za mumewe, ndala za mpira, akazifuta kwa kanga, akampangia kizingitini, zimeelekea ndani.

Anaziangalia.